Vidonge vya Saa Kumi na Mbili

Daktari aliisoma namba mara mbili, labda akidhani karatasi itaona haya na kujirekebisha.

"Saba," akasema. "Akiba ya chuma imeshuka mpaka saba. Mara ya kwanza baada ya upasuaji ilikuwa ishirini na tisa, ikaja kumi na tano, leo saba. Mama, vidonge vya chuma unakunywa?"

"Nakunywa, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Daktari hakubishana naye. Alifanya jambo baya zaidi: alimgeukia mume. "Mzee, hakikisha anakunywa," akamwambia, kama vile mke hayupo, na huku mke amekaa hatua mbili kutoka mezani na mkoba mapajani. Kisha akawapangia siku ya kumwona mtaalamu wa lishe, wiki mbili mbele. Ile barua waliyoijia, ya kuthibitisha kwamba mama ni mzima na anaweza kazi, akasema hawezi kuiandika. Mtu mwenye damu kidogo namna hiyo hawezi kuandikiwa kwamba ni mzima.

Na barua ndiyo iliyowatoa nyumbani asubuhi ile. Mke alikuwa mwalimu wa chekechea, mwaka wa kumi na tisa sasa kwenye darasa lile lile, na Mwalimu Mkuu alikuwa ameshamwambia waziwazi: mwezi ukiisha bila barua ya daktari, darasa anapewa mwingine. Hakusema kwa ukali. Alisema akimshika bega, na hiyo ndiyo iliyomtia hofu zaidi, maana bosi anayekushika bega ameshaamua.

Mume alitoka chumba cha daktari masikio yanamwaka. Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, au Fundi tu, na jina alilitolea jasho. Alikuwa na kibanda chenye kaunta ya kioo, kibano, na kile kioo kidogo cha kubana jichoni, na hapo saa zilizokatiwa tamaa zilifufuka. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuambiwa "hakikisha"? Tangu mkewe atoke hospitali na tumbo lililopunguzwa, miezi minane iliyopita, ni nani mwingine aliyekuwa akihakikisha? Alinunua kisanduku cha plastiki chenye vyumba vya siku za wiki. Alipanga. Aliandika daftarini. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, si na dakika moja, alisimama kando ya kitanda na vidonge vinne kwenye kisahani na kikombe cha chai ya maziwa, akangoja mpaka cha mwisho kishuke.

"Mbona huongei?" mkewe alimuuliza kwenye korido. Alikuwa ameegemea ukuta akivuta pumzi. Korido yenyewe haikuwa ndefu.

"Saba," Fundi akasema.

"Nimesikia."

"Vidonge navinunua mwenyewe, navipanga mwenyewe, nakuletea mpaka kitandani. Sasa vinakwenda wapi?"

Mwalimu alimtazama mumewe, akaona swali halikuwa la utani kama alivyodhani. "Vinakwenda tumboni," akasema. "Vingeenda wapi?"

*

Nyumbani walimkuta dada yake Fundi, aliyekuja kumsaidia wifi yake wiki moja baada ya upasuaji, miezi ikapita na hajaondoka, na kwa kweli hakuna aliyetaka aondoke. Alikuwa mjane mwenye mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Chai ya saa kumi na mbili ilikuwa kazi yake. Aliikoleza maziwa kwa sababu, alivyosema, tumbo lililokatwa lina kidonda, na kidonda hakitaki maji matupu.

"Enhe, wamesemaje?"

"Chuma kimeshuka tena," Fundi akasema, akivua viatu.

"Nilisema mimi. Mwili wa mtu mmeupunguza kwa mkasi, sasa mnaanza kuutafuta kwa vidonge."

"Dada, si leo."

"Haya, nimenyamaza."

Hakunyamaza, lakini alihamia jikoni akanung'unikie huko.

Mwalimu alikwenda kujilaza. Hebu tumtendee haki mama huyu: hakupunguza tumbo kwa ajili ya picha. Siku moja, mbele ya darasa zima, aliinuka kwenye kiti cha watoto na kiti kikainuka naye. Watoto walicheka kwa wema kabisa, wawili wakaja kukivuta, na yeye akacheka nao mpaka kengele ya mapumziko, kisha akajifungia chooni. Magoti yake yalikuwa yameshagoma. Alitaka yapone ili aweze kukaa kwenye mkeka na watoto na kuinuka bila kuvutwa na mtu. Sasa mwili umepungua, magoti yamepoa, kwenye mkeka anakaa vizuri sana. Tatizo ni kwamba akikaa analala. Wiki ile ile alikuwa amesinzia katikati ya hesabu, watoto wakamfunika kwa sweta zao, wakakaa kimya wasimwamshe, na ukimya huo ndio uliomleta Mwalimu Mkuu mlangoni.

Fundi alipohakikisha mkewe amelala, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote ya ndoa yao. Alifungua mkoba wa mkewe. Alitafuta vidonge. Alikuwa na hakika atavikuta vimefungwa kwenye kitambaa, vimelowa mate, vimetemwa. Alikuta kalamu, leso, picha iliyochorwa na mtoto, na chini kabisa vipande vya chaki nyeupe, vingine vikiwa na alama za meno.

Alimwita dada yake, akamwonyesha kwa kidole.

"Chaki," dada akasema.

"Naona ni chaki."

"Imetafunwa."

"Naona imetafunwa."

Walipogeuka, mkewe alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga khanga, nywele zimelala upande mmoja. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alijikunyata kama mtu aliyekutwa bila nguo.

"Siwezi kujizuia," akasema. "Ikiwa mbele yangu tu, mate yananijaa. Harufu yake. Sijui ni nini. Nilikuwa naona aibu kukwambia."

Ukweli ni kwamba damu ikikosa chuma, watu hutamani vitu vya ajabu: udongo, barafu, mchele mbichi, na wenye kazi ya ualimu wana chaki. Mtaalamu yeyote angelijua hilo mara moja. Lakini Fundi hakuwa mtaalamu wa damu. Alichoona ni mwanamke anayemficha jambo. Akahesabu moyoni kwamba anayeficha moja ataficha na la pili.

"Kesho," akasema, "ukishameza, utanifungulia mdomo."

"Nini?"

"Nione."

Dada alisema, "We, kaka," akaachia hapo.

Asubuhi, saa kumi na mbili kamili, Mwalimu alimeza vidonge vyote vinne kwa chai ya maziwa, kimoja kimoja. Kisha, mama mwenye miaka hamsini na miwili, aliyewafundisha watoto wa watu kushika penseli mpaka wengine sasa ni madaktari, alifungua mdomo na kuinua ulimi. Fundi alichungulia kulia, akachungulia kushoto.

"Vimeshuka," akasema, akaandika daftarini.

Alijisikia vibaya kidogo, tusimfanye mnyama. Lakini alijisikia pia ametulia, na utulivu ulishinda.

*

Siku tatu baadaye alifunga kibanda mapema akaenda shuleni. Hakumuaga mkewe. Alijiambia anakwenda kumwombea muda, na ni kweli ndicho alichokwenda kukifanya.

Mwalimu Mkuu alimkaribisha ofisini, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimwagizia maji. Fundi alikunywa glasi nzima kabla ya kuongea.

"Nimekuja kuomba, mama. Mwezi mmoja zaidi. Miwili ukiweza."

"Fundi, mimi nampenda mkeo. Wote tunampenda. Lakini watoto ni thelathini na wawili. Juzi mmoja alipanda dirishani mwalimu kasinzia. Na kuna hili jingine." Alishusha sauti. "Binti mmoja ameniambia, 'Ticha anakula chaki, ananipa na mimi ili nisiseme.' Nilimuuliza mkeo, akasema mtoto alimwomba, hakumpa. Namwamini. Lakini mzazi akilisikia hilo, mimi nitamjibu nini?"

Fundi alitoka jasho. Alitaka kumtetea mkewe kwa nguvu zake zote, na mtu akitaka kutetea kwa pupa hushika silaha ya kwanza iliyo karibu.

"Tatizo ni dawa," akasema. "Ameandikiwa dawa nzuri sana, ila anaziruka. Ni mzembe kidogo kwa dawa, unajua wanawake wetu. Lakini sasa nimemshika mwenyewe. Namwangalia mpaka mdomoni. Wiki mbili hizi atakuwa sawa."

"Anaruka dawa?"

"Anaruka."

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Kumbe," akasema polepole. "Mimi nilidhani ni ugonjwa. Haya, nakupa hizo wiki mbili."

Fundi alitoka pale akiwa na wiki mbili mfukoni, akijiona amefanya kazi ya mwanamume. Hakujua kwamba kwa neno moja alikuwa amemgeuza mgonjwa kuwa mkosaji.

Mwalimu alilijua siku iliyofuata. Aliitwa ofisini wakati wa mapumziko, akaambiwa kwa upole, mlango ukiwa wazi na walimu wawili wakisahihisha madaftari kwenye meza ya dirishani, "Mwenzangu, dawa ni za kunywa. Mumeo mwenyewe amenieleza. Usitufanyie hivyo."

Jioni hakuzungusha maneno. Alikaa kwenye kochi la sebuleni, mikono mapajani, akamwambia mumewe aliyekuwa akikung'uta mvua kwenye mwavuli: "Ulikwenda shuleni."

"Nilikwenda kukuombea."

"Ukaniombea kwa kusema ni mzembe."

"Nilisema kidogo."

"Mbele ya watu, Fundi. Wale wasichana wawili niliwafundisha kazi mimi. Leo wameniangalia kama mtu anayeiba sukari ya shule."

Dada, aliyekuwa akikunja nguo, aliinuka na kapu lake akaenda uani ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

"Basi niambie ukweli," Fundi akasema, akaketi mbele yake, na sauti yake ilikuwa ya kusihi, si ya ugomvi. "Niambie tu, mke wangu. Sitakugombeza. Unavitapika? Unavitupa? Namba haiwezi kushuka bure. Saa ikichelewa kuna kitu."

Mwalimu aliuangalia mkeka wa sebuleni. Kwa mara ya kwanza hakusema "nakunywa." Alisema, "Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Fundi. Niache nipumzike."

*

Mtaalamu wa lishe alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yao mkubwa aliyeolewa mbali, mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Aliwaita "mama" na "baba," akawauliza kama walipata usafiri vizuri, kisha akafungua faili, akaanza mwanzo badala ya mwisho.

"Kabla ya upasuaji ulikuwa na akiba ya kumi na mbili," akamwambia Mwalimu. "Daktari akakataa kukupasua mpaka ipande."

"Ndiyo, mwanangu. Waliniambia ukiingia chumba cha upasuaji na akiba ndogo, baadaye utapata shida kuirudisha, maana tumbo jipya halinyonyi chuma kama la zamani."

"Na ukaipandisha mpaka arobaini na nne. Kwa miezi minne. Hii ni kazi nzuri sana. Ulikuwa unafanyaje?"

Mwalimu alifikiri. "Nilikuwa nakunywa kidonge nikifika shuleni, kabla ya kengele. Nina chungwa langu kwenye droo, nakula na hilo chungwa. Basi."

"Na sasa unakunywaje?"

"Sasa ananipa yeye," Mwalimu akasema, akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

Fundi alikuwa ameisubiri nafasi hii. Alitoa daftari, akatoa na kisanduku, akavipanga mezani kama anavyopanga vipuri vya saa kwenye kitambaa. Alieleza. Karatasi ya hospitali ilitaja saa nne tofauti: chuma saa hii, kalsiamu saa hii, vitamini saa hii, kalsiamu tena. Mgonjwa atahangaika, atasahau, atachanganya. Yeye akaurahisisha mpango. Kitu chenye vipande vichache hakiharibiki ovyo. Akavikusanya vyote pamoja, mara moja kwa siku, saa kumi na mbili kamili, na kikombe cha chai ya maziwa kulinda tumbo. "Miezi minane," akasema. "Haijawahi kupita siku. Mwenyewe nashuhudia, kwa sababu siku hizi nachungulia hadi chini ya ulimi."

Mtaalamu alikuwa ameacha kuandika.

"Vyote pamoja, baba?"

"Vyote."

"Chuma na kalsiamu, mkononi mara moja?"

"Ndiyo."

"Na chai. Ya maziwa."

"Ya maziwa," Fundi akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Yule mtaalamu alisogeza kiti mbele. Alieleza taratibu, bila dharau, na hapo Fundi angependelea dharau. Kalsiamu na chuma vikifika tumboni pamoja, kalsiamu inamzuia mwenzake asipite. Maziwa nayo yana kalsiamu. Majani ya chai yanakamata chuma kinachobaki. Mtu mwenye tumbo zima angepoteza kiasi. Mtu wa upasuaji huu anakosa karibu chote. Ndiyo maana karatasi iliweka saa mbalimbali. "Kosa letu pia," akasema. "Karatasi inataja saa, haisemi kwa nini. Na hizo chaki, mama, usione aibu. Chaki hazikuja kwa tabia mbaya. Zimekuja kwa sababu mwili unadai chuma. Chuma kikipanda, hamu itaisha yenyewe."

"Kwa hiyo," Mwalimu akauliza, akiyachagua maneno, "vidonge nilikuwa nakunywa?"

"Mama, kwa daftari hili la baba, hujaruka hata siku moja."

Mwalimu alianza kulia. Alilia bila sauti, mabega tu, na mtaalamu akamsogezea boksi la tishu akidhani ni uchungu wa miezi iliyopotea. Fundi alikuwa amekaa mikono wazi juu ya magoti. Saa mia ngapi za watu zimepita mikononi mwake, na hii moja aliiharibu kwa kuijali.

"Nisamehe," akasema pale pale, mbele ya mtoto wa watu.

Mkewe alikuwa akiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya mtaalamu: chuma asubuhi, chungwa, kalsiamu mchana na jioni, chai mbali.

*

Nyumbani, dada mtu aliposikia habari alikaa chini na mwiko mkononi. "Yaani chai yangu ndiyo iliyomwangusha wifi?"

"Chai yako na akili yangu," Fundi akasema.

"Na nilikuwa naongeza maziwa kwa huruma." Alimgeukia wifi yake. "Wifi, nipige kofi moja, nitulie."

Mwalimu alicheka, cheko la kwanza baada ya wiki nyingi, na dada akaenda kuficha kopo la majani ya chai juu kabisa ya kabati, ambako yeye mwenyewe hakulifikia bila kigoda.

Fundi hakucheka. Alivaa tena viatu.

"Unakwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Shuleni."

"Nakuja."

Fundi alitaka kumkatalia kwa ajili ya uchovu wake, akakumbuka kwamba kukataa na kukubali kwa niaba yake ndiko kulikowafikisha hapo. Wakaenda, wakipumzika mara mbili njiani.

Ilikuwa saa ya walimu kukaa pamoja kabla ya kwenda nyumbani, na chumba kilijaa. Mwalimu Mkuu aliwaonyesha mlango wa ofisi. Fundi akabaki amesimama katikati ya chumba cha walimu.

"Hapa hapa, mama, ukiniruhusu. Neno langu lilifikishwa kwake mlango ukiwa wazi." Aliinua sauti ili wote wasikie. "Nilikwambia mke wangu ni mzembe, anaruka dawa. Si kweli. Hajaruka hata moja. Tumetoka hospitali sasa hivi. Mimi ndiye niliyekuwa nampa dawa vibaya, miezi minane, kwa ujuaji wangu, kisha nikamsingizia yeye. Alikuwa anaumwa kwa mkono wangu. Mwenye kosa amesimama hapa."

Mmoja wa wale wasichana wawili alishusha macho kwenye madaftari.

Mwalimu Mkuu alivaa miwani, akamtazama Fundi, kisha akamtazama mkewe. "Na mimi nilikubali upesi," akasema. "Mwenzangu, nisamehe. Daktari anasema itachukua muda gani?"

"Wiki nane, halafu wapime tena," Mwalimu akajibu.

"Darasa ni lako. Wiki nane utakuwa na msaidizi ndani. Zikiisha, niletee hiyo barua, na tusizungumze tena habari hii."

Nje kulikuwa na benchi chini ya dirisha la darasa la chekechea. Walikaa. Fundi alingoja, na kungoja hakukuwa fani yake.

"Unajua kilichoniuma?" mkewe akasema mwishowe. "Si mdomo. Mdomo niliufungua kwa sababu nilijua unaogopa. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa na hakika sana mpaka nikaanza kukuamini. Nilikuwa naamka asubuhi najiuliza, labda kweli navitupa. Labda naamka usiku navitupa bila kujua. Ndiyo maana nilikwambia sijui. Sikuwa nakuficha. Nilikuwa sijijui."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Miezi yote hii umeniuliza namba," mkewe akaendelea. "Hukuniuliza mimi naonaje."

"Sitashika tena vidonge vyako."

"Hutashika."

"Wala kuuliza."

"Kuuliza uulize. Mimi si jirani yako."

*

Asubuhi ya kesho yake Fundi aliamka saa kumi na mbili kamili, maana mwili wake haukujua saa nyingine. Alisikia droo ya jikoni ikifunguliwa. Alisikia kisu kikikata chungwa, na maji yakimiminwa. Miguu yake ilitaka kushuka kitandani. Alilala chali, akashika kingo za blanketi kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo mpaka droo ilipofungwa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko saa yoyote aliyoifungua maishani, na akaifanya kesho yake tena, na keshokutwa, kwa wiki nane.

Siku ya kupima, Mwalimu alikwenda peke yake. Fundi alifungua kibanda kama kawaida. Kulikuwa na mteja kwenye kaunta, mzee mmoja mwenye haraka, na saa yake imelala kifuniko wazi juu ya kitambaa. Fundi alikuwa na kioo jichoni aliposikia viatu anavyovijua. Havikuburuzwa.

Aliinua kichwa. Mkewe alisimama mlangoni na bahasha mkononi. Fundi aliona bahasha. Namba ilimjaa mdomoni, ngapi, ngapi, akaitafuna na kuimeza yote.

"Umechoka, mke wangu?" akauliza.

Mwalimu alimtazama vizuri, na kile kioo bado kimembana jichoni, akaanza kutabasamu.

"Nimekuja kwa miguu kutoka hospitali," akasema. "Sikukaa mahali. Nimepita mpaka sokoni, nikarudi kwa sababu nilisahau machungwa. Sijachoka."

"Kweli?"

"Kweli, Fundi. Sijachoka."

Akaiweka bahasha juu ya kioo cha kaunta, akamwambia barua imo ndani, na namba pia imo, kwa anayependa namba. Fundi hakuifungua. Aliweka kibano chini, akatoa kioo jichoni, akakifuta kwa ncha ya shati.

Mzee mwenye haraka alikohoa. "Fundi, na saa yangu je?"

"Njoo kesho, baba," Fundi akasema. "Leo sioni vizuri."